Fitri ya Mchele wa Kupewa

Mwanangu Zainabu,

Hali yako sikuulizi, maana nakusikia hapo uani ukigombana na wadogo zako juu ya nani atabeba begi lako kesho hadi barabarani. Nimejifungia chumbani nikasema kichwa kinaniuma, na wewe kwa huruma yako umeamini, umenyamazisha hata kuku. Kichwa hakiniumi. Nakuandikia.

Mkono wangu ungekimbia kama ningetumia herufi za chuoni, zile alizonifundisha babu yako. Lakini kutoka hapa Olumbi hadi Nampula vizuizi ni vingi, na askari akimkuta msichana na karatasi ya Kiarabu hamwulizi imeandikwa nini. Basi naandika kwa hizi za shule, moja moja, na wewe unajua ni nani aliyenifundisha. Akiikamata mtu na akawa anakijua Kiswahili, atachoka kabla hajafika katikati, mwandiko wenyewe kama kuku aliyepita kwenye majivu. Hata hivyo majina ya watu sitayataja. Wote unawajua.

Mambo ya kula vizuri na kulala mapema nayaacha. Mama yako mdogo wa Nampula ana mdomo wa kutosha kwa kazi hiyo. Mimi nataka tuzungumze juu ya mchele. Cheka tu. Tangu baba yako afe tumekula mchele wa watu, na kila gunia lilikuja na mtu nyuma yake, na mimi kila mara nilimwona huyo mtu nikiwa nimekwisha meza.

Gunia la kwanza lilikuwa la mjomba wako. Wewe ulikuwa mdogo bado, matanga yameanuliwa, wageni wameondoka, nami nimekaa na watoto watatu na mama mkwe asiyeona. Mdogo wangu akaja, gunia begani, akalitua pale jikoni, akaketi chini akalia. Leo watu wanamzungumza kana kwamba alizaliwa na mapembe, ndiyo maana nataka uwe na hili. Alimlilia shemeji yake kwa machozi ya kweli. Alikuwa amekwisha anza kusali kule kwenye msikiti mpya wa bati, na vijana wenzake walikuwa na utaratibu wa kuwaangalia wajane na mayatima. Walituezekea banda. Walinichimbia choo. Hakuna ofisi iliyokuja kuniuliza nimefiwa na nani, wala nina watoto wangapi. Wao walikuja bila kuitwa.

Wakaja hivyo mwezi baada ya mwezi, nami nikazoea. Halafu siku moja mjomba wako akaketi kizingitini, akaanza kunieleza kwa upole kwamba shule ya serikali haifai. Serikali isiyohukumu kwa dini, alisema, haiwezi kulea mtoto wa Kiislamu, na wa kike ndiyo zaidi. Nikamwambia baba yake mtoto alitaka asome.

"Dada, mie sikulazimishi," akasema. "Ila ndugu wananiuliza, huyu tunayemlisha ni wetu au si wetu?"

Kesho yake hukwenda shule. Sikukuuliza, nilikwambia tu. Ulikunja sare yako ukaitia chini ya mto, na kila siku nilipotandika kitanda niliikuta, nikaitandikia juu yake. Nilijiambia nimefanya kwa ajili ya dini. Nilikwenda hata kwa shehe wetu wa msikiti wa zamani, nikitaka aniambie nimefanya vyema, na yeye, unamjua hana haraka, akamaliza kwanza kuchokonoa meno, kisha akasema sadaka mtu huitoa akaisahau, na akikukumbusha, basi alikuwa anakukopesha. Nilirudi nyumbani nimekasirika. Niliona ni rahisi kwake kusema, yeye watoto wake wameshakua.

Mwaka ule mzima ulikaa nyumbani, na kwa kuwa mtoto wa shule hakai kimya, ukaamua mwanafunzi wako niwe mimi. Ulichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. La kwanza ulinifundisha jina langu. Nilikuwa mama mtu mzima, naandika jina langu kwa mkaa, na wewe unanisahihisha kwa ukali kuliko mwalimu wenu. Ukuta ule haupo tena, lakini barua hii imetoka pale. Hebu ona, nilikutoa shule na wewe ukaniingiza.

Kisha mjomba wako akaondoka na wenzake kwenda msituni, bila kuaga. Mara ya mwisho alionekana Mbau, wanasema, na aliyemwona hakutaka kusema alikuwa amebeba nini. Ukarudi shule umewapita wenzako wote kwa urefu, ukakaa nyuma. Mpaka leo mimi ni dada yake. Askari wanalijua hilo, sekretariu wa chama tawala hapa mtaani analijua, na wale wa msituni nao wanalijua. Akija kubisha hodi nitampa chakula, na atakayemwona atanishtaki. Asipokuja namlilia. Sijapata njia ya kuacha kumpenda, na naogopa hata kulitaja jina lake kwenye dua kwa sauti.

Kilichofuata unakijua kama mimi, vita vilifika Olumbi, tukakimbia na vile tulivyovaa, tukafika Makaloe. Unamkumbuka mama yule wa kisiwani, mke wa mvuvi, mnene, mwenye kikohozi? Kila siku alitupakulia ugali na samaki, akaiweka sahani mkekani, halafu akageuka akaenda zake. Hakukaa akatutazama tunavyokula. Mimi mwanzoni niliona ana kiburi. Siku nyingi baadaye nikamwuliza kwa nini haketi nasi, akasema kwao mgeni mwenye njaa hatazamwi akila, asije akajikumbuka. Hakutuuliza tunasali msikiti upi. Hakutuuliza kura yetu. Nimewapima watu wengi tangu pale, na wengi nimewapima kwa mama yule, Mungu anisamehe, kwa maana hata mimi sijamfikia.

Tukarudi Olumbi. Serikali ikaanza kugawa mchele kwa waliorudi, na majina yetu yakaandikwa, la Bibi yako, la wadogo zako, lako na langu. Nilishukuru. Sitaki ufikiri nilikuwa na nongwa. Chefi wa posto, mkuu wa ofisi ya serikali hapa kwetu, alikuwa mgeni, kijana kutoka kusini, Mkristo, anapenda kusalimia watoto, anatokwa jasho kama anayechota maji. Alisimama juani siku nzima mpaka kila mtu akapata. Nilisema moyoni, huyu ana mama aliyemlea.

Mchele ule tuliupata mwisho wa Ramadhani ya mwaka jana. Na mwisho wa Ramadhani, mwanangu, Mwislamu anafanya nini? Anapima fitri. Nani alikaa akafikiri? Hatukuwa na chakula kingine zaidi ya kile, basi tulipima kile. Nilitoa kibaba cha mama yangu, kile cha mti chenye ufa ubavuni, nikapima vibaba vinne kwa kila kichwa, nikiwataja mmoja mmoja kama nilivyofundishwa: hii ya Bibi, hii ya Zainabu, hii ya fulani. Tukaenda uani mwa msikiti wa zamani. Wanawake wote walikuwa pale na mabeseni yao. Anayetoa upande huu anapokea upande ule, kwa kuwa maskini ni sisi sisi. Mchele wa huyu unaingia kwa yule, wa yule unaingia kwa huyu, na mwisho kila mtu anarudi na karibu kilekile alichokuja nacho. Ndivyo tulivyofanya tangu zamani katika miaka ya njaa, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Gari la chefi likapita. Likasimama. Akashuka na sekretariu wa mtaa nyuma yake, akatazama yale mafungu ya mchele mkekani, akatazama magunia yake mwenyewe, akaita mtu anayejua Kireno. Ukasukumwa wewe.

Nimekaa na siku ile mwaka mzima. Aliuliza kama huu si mchele aliotupa juzi. Nikasema ndio huo. Akauliza mbona tunautoa. Nikamweleza kwamba funga ya mtu haitimii bila fitri, kila kichwa kina haki yake ya kutolewa, hata mtoto anyonyaye. Akauliza anapewa nani. Nikasema maskini. Akawatazama wale wanawake, mmoja mmoja, kanga zilizochakaa, miguu iliyopasuka, akauliza taratibu, "Na ninyi ni nani?"

Pale ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la kupenda kusikika. Wanawake walikuwa wananitazama. Nikapandisha shingo. "Mwambie chefi," nikasema, "hapa hakuna maskini wa kushindwa kutoa."

Wanawake wakacheka, wengine wakapiga makofi. Wewe hukucheka. Uligeuka ukanitazama, na jicho lako lilikuwa linaniomba nibadilishe. Nikakuhimiza, mwambie kama nilivyosema. Ukamwambia.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonidanganya. Wewe mwenyewe ulinieleza baadaye alivyokwambia ulipokwenda kufasiri ofisini kwake, kwamba katika kitabu chao pia kuna mjane aliyetoa kidogo alichokuwa nacho, na kwamba mama yake humsimulia kisa kile mara kwa mara, na kwamba alipotuona alimkumbuka. Lakini yeye, alisema, anatakiwa kuwaambia wakubwa wake nani ana njaa na nani hana. Na wakubwa walikuwa wanauliza swali jingine, baya zaidi. Mchele unaokusanywa msikitini, baada ya hapo unakwenda wapi? Wao walikuwa wanafikiria msitu. Alikuwa anaogopa, yule kijana, na mtu mwenye hofu akishika kalamu ni kama mlevi akishika panga.

Basi shehe wetu akachukuliwa posto kuulizwa. Idi tukaiswali bila yeye. Aliporudi hakuwa na kilemba chake, na mpaka leo hajasema kilipo wala hatujamwuliza. Na sisi tulioonekana na mabeseni tukafutwa kwenye orodha ya mchele, kwa kuwa mwenye cha kutoa ana cha kula.

Sekretariu alikuwepo wakati wote, amesimama nyuma ya chefi, anatazama viatu vyake. Asubuhi ile ile alikuja mlangoni kwangu kuazima kibaba, chake kimeliwa na mchwa, akapima fitri ya nyumba yake nzima. Kibaba hikihiki. Angeweza kusema neno moja. Hakusema, nami nilimchukia mpaka usingizi ukanipaa.

Halafu ikaja ile miezi ya ming'oko. Wewe na wadogo zako mlikuwa mnachimba mizizi porini, mahali ambapo kila hatua naiwazia bomu au mtu. Bibi yako alikuwa anatafuna na kusema ni tamu, mwongo yule. Na wewe ukaacha kumfasiria mtu yeyote. Mtu akija na karatasi ya Kireno unasema hujui. Jioni moja ukaniambia kwamba ungeyageuza maneno yangu kidogo tu, ungesema tunagawana, tungepona wote. Nilikujibu ovyo, nikasema yamepita. Sasa nakujibu vizuri. Wewe ulifasiri. Maneno yalikuwa yangu, na kiburi kilikuwa changu, na hata kiburi chenyewe, Zainabu, kilikuwa na ukweli ndani yake. Hukufanya kosa lolote. Ukilibeba hili mpaka Nampula utakuwa umebeba mzigo usio wako, na begi lenyewe limejaa.

Baada ya miezi ile akaja sekretariu. Alikaa palepale kizingitini alipokaa mjomba wako, nikaona ajabu jinsi kizingiti kimoja kinavyokalika.

"Dada, mie ningesema nini siku ile?" akaniuliza. "Ningesema nami nimetoa? Nami wangenifuta, tena na kazi juu." Kisha akaniambia wakubwa wanakuja kuzungumza na wananchi, wanatafuta mama mjane wa kutoa shukrani. "Vaa ile kapulana ya chama, sema asante. Asante haiui mtu."

Nikavaa kanga ile ya chama. Sitakwambia nililazimishwa, ulikuwepo, ulinisikia. Nilisema mvua inatoka kwa Mungu lakini mchele unatoka kwa chama, wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka. Nikacheza ngoma pia. Na nitakwambia kitu ambacho jicho lako lilikwisha kiona, ndiyo maana uliondoka kabla haijaisha: nilipenda. Nilipewa kiti. Mtu mkubwa alinishika mkono, akaniita mama. Kwa muda ule mfupi sikuwa mjane wa ming'oko wala dada wa mtu wa msituni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami niliyaoga nikiimba.

Ijumaa iliyofuata nilitandika mkeka wangu msikitini, na wanawake wakasogeza yao. Hawakunichukia. Waliogopa tu, kwa kuwa unajua wenye nguo ile walivyofanywa na wale wa msituni vijiji vingine. Mmoja alinong'ona, "Utusamehe, shoga," huku anavuta mkeka. Majina yetu yakarudi, mchele ukarudi, na karatasi yako ya kusafiria ikatiwa muhuri bila maswali. Juzi uliishika mkononi ukasema inanuka kapulana. Ni kweli inanuka. Ishike hivyohivyo, uionyeshe kila watakapoiomba.

Sasa lile usilolijua. Juzi, ulipokuwa kisimani, sekretariu alirudi. Ramadhani inaingia wiki ijayo, na chefi anataka mwaka huu asishtukizwe. Anataka mtu wa kukaa msikitini siku ya kupima, mtu anayewajua wanawake wote na vibaba vyao, amwambie nani ametoa. Sekretariu alinitaja mimi, au chefi alinitaja, sikuuliza. Hakunitisha. Alikunywa maji, akaniuliza tu gari lako linapita siku gani. Nikamjibu. Kisha nikasema ndiyo, nitakaa.

Ningekwambia hili hapa nyumbani usingeondoka. Nakujua. Ungekunja sare nyingine ukaitia chini ya mto. Ndiyo maana unalisoma ukiwa umefika, na kama uko njiani bado, we mtoto, uliambiwa usipekue begi mpaka ufike.

Utaniuliza nitafanya nini. Nimezunguka kama mbuzi kwenye kamba. Nikisema sikuona mtu, sekretariu mwenyewe atakuwa safu ya mbele, na wako wengine wenye macho. Nikiwaonya wanawake, mmoja atasema, kwa hofu tu, si kwa ubaya. Nikiwataja, watoto wao watachimba ming'oko, na shehe atarudi posto na kofia aliyobaki nayo. Na wale wa msituni wakisikia kuna mwanamke ameketi mlangoni mwa msikiti kwa niaba ya serikali, hawataniuliza nilitaja wangapi. Kuondoka siwezi. Bibi yako anasema kaburi la mwanawe hataliacha mara ya pili, na mtu asiyeona, asiyetembea, utamwambia nini? Wadogo zako hawana karatasi. Nafasi ya gari ilikuwa moja, nami nimeshaitumia, na nimeitumia vizuri.

Naogopa, Zainabu. Mama yako ni mwoga leo, na yuko peke yake, na mlango hauoni. Shehe ametuambia Mungu hamtwishi mtu asichokiweza, asiyeweza kutoa mwaka huu asitoe. Alisema akitazama chini. Wazee wanawake walilia, kwa sababu kufunga mwezi mzima kisha usipime ni kama kupika siku nzima kisha usipakue.

Wewe unakwenda kusomea ualimu. Siku moja utapewa kazi ya serikali, na pamoja na kazi utapewa kadi ya chama, na pengine siku hiyohiyo atakuja mwingine, mwenye ndevu nzuri na sauti ya upole kama ya mjomba wako, akukataze mshahara huo na akuahidi gunia. Sikwambii uikatae kadi. Nitakwambiaje, mimi niliyecheza? Wala sikwambii usipokee cha mtu, mkono mtupu haulambwi, na njaa ni njaa. Mimi nimechelewa kujua tu kwamba baada ya kupokea, ni vizuri mtu atazame kama aliyempa ameondoka au bado amekaa kizingitini. Ningekuwa nimetazama, ungemaliza shule mapema mwaka mmoja. Hayo ndiyo niliyonayo. Mengine utajifunza kwa wengine, na yako mwenyewe utayakosea vizuri tu, usiwe na wasiwasi.

Nimesikia umeacha kugombana, sasa unawaimbia. Lazima niharakishe.

Ndani ya begi, chini ya ile kanga ya bluu, ndipo ulipokikuta kibaba cha mti. Nakitia humo na barua hii ndani yake. Usishangae kwa nini nimekipakia na mimi nakihitaji. Sikihitaji. Nimefikiria nipime kwa siri, nipeleke kwa jirani. Lakini nani atapokea mchele kwa mkono wa mwanamke aliyewekwa kuwatazama wanaotoa mchele? Atadhani ni mtego, na nikiwa mimi ningedhani hivyohivyo. Wamenirudishia kila kitu, mchele, jina, hata kiti. Kutoa tu ndiko walikonichukulia, na sikujua kama ni kitu kinachoweza kuchukuliwa.

Ulizaliwa siku ya mwisho ya Ramadhani, jua halijatua. Baba yako alikuacha kitovu hakijakauka, akakimbia msikitini na kibaba hiki, kwa sababu aliyezaliwa kabla ya magharibi anatolewa fitri. Hukuwa na jina bado. Alipima akasema, hii ya mwanangu. Kuanzia pale mpaka mwaka jana hukuwahi kukosa, miaka ya shibe na miaka ya kukimbia, baba yako alipima, na alipokufa nikapima mimi.

Mwaka huu utapima wewe. Mama yako mdogo atakupa mchele, mwambie ni kwa ajili hiyo. Kama ni mchele wa kupewa, usijali, ndio tuliokuwa tukitoa siku zote. Nampula wamejaa watu wa pwani yetu waliokimbia, mtafute mmoja asiyekujua, usimwulize msikiti wake wala chama chake, umwekee mchele wake, halafu ugeuke uende zako, kama yule mama wa Makaloe.

Ukimaliza vibaba vyako vinne, pima vingine vinne. Kwa barua hii nimekufanya wakili wangu, na nia naitia mimi huku, kifuani, nikiwa nimekaa pale mlangoni na macho wazi, kwa kuwa nia ndiyo peke yake wasiyoweza kuiona. Lakini kupima kunataka jina. Huku siwezi kutamka, basi litamke wewe, kwa sauti, kama ulivyolisoma ukutani siku ya kwanza nilipoliandika bila kukosea. Sema: hii ya mama yangu, Awa binti Saidi.